Kigunduzi, Pamba na Ncha ya Sindano

Jumatatu, 4 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kigunduzi cha metali hutafuta metali. Hakitafuti kitu. Hujisikiliza chenyewe. Koili yake, yaani waya uliozungushwa duara, huvuma hewani bila kusikika, kama mtu anayeimba moyoni, na metali ikisogea karibu hunywa sehemu ya ule mvumo. Kifaa kikiona kimepungukiwa, kinalia. Basi, ndiyo siri yote. Nimefundisha fizikia mpaka nikastaafu, na bado nikiyaandika haya vinyweleo vya mikono vinanisimama.

Nayaandika kwa sababu leo karakana ya mke wangu imeingiwa na balaa. Nani ataliondoa? Mimi.

Karakana ni kile chumba kirefu cha mbele, chenye cherehani upande mmoja na meza ya kukatia upande wa pili. Wiki hii wanashona vigodoro vya watoto wachanga kwa ajili ya wodi ya wazazi. Vya kupelekwa Jumamosi. Huko wodini watoto wanalazwa juu ya shuka zilizokunjwa, mke wangu amekwenda akawaona kwa macho yake, na tangu siku hiyo hataki kusikia neno "kesho".

Asubuhi sindano imevunjika. Ilikuwa kwenye mashine ya binti tunayemwita Kimya, kwa kuwa hasemi mpaka aulizwe, na akiulizwa anatikisa kichwa. Alikuwa amemaliza kigodoro, akakata uzi, akakitupa kwenye rundo. Alipoanza kingine ndipo akaona sindano haina ncha. Ncha iko wapi? Sakafuni haipo. Wamefagia, wamepepeta vumbi kwa ungo. Haipo. Basi imo ndani ya kimoja cha vigodoro vya lile rundo, na rundo lilikwisha kuchanganywa na mengine.

Karakana hii ina sheria moja kubwa kuliko zote: sindano ikivunjika, mashine zote zinanyamaza mpaka vipande vikutane mezani. Siyo nusu wala karibu. Vikutane. Mke wangu ametangaza kuwa hakuna kigodoro kitakachovuka kizingiti chake kikiwa na ncha ya sindano ndani. Ikifika Ijumaa adhuhuri haijaonekana, atavichana vyote, kimoja baada ya kingine, na Jumamosi watoto watabaki na shuka zao.

Kimya alikuwa analia kwenye kona, na kilio chenyewe hakina sauti.

Nikainuka. Nikakohoa. Nikasema kwamba sayansi ipo.

Kabla sijaendelea akaingia shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi wa spika, amebeba sumaku kubwa kama sahani. Ameitoa kwenye spika ya ukumbi. Akasema, dada, usihangaike, sindano ni chuma na chuma mwenyewe huyu hapa mchumba wake. Wote wakacheka. Hata Kimya akafuta machozi. Hakuna aliyeniuliza nilitaka kusema nini.

Ninalo boksi kabatini. Kigunduzi cha kujiundia mwenyewe, vipande vyote vimo, nilikinunua nilipostaafu nikawa nangoja siku yake. Siku yake imefika. Sumaku! Kitu ambacho hata mtoto anakifahamu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka kabla ya wote. Nimevitandaza vipande mezani juu ya kitambaa cheupe. Ubao mdogo wa saketi, rezista zenye mistari ya rangi, kapasita kama dengu, transista mbili zenye miguu mitatu kila moja, spika ndogo kama kifungo cha shati, na waya wa shaba uliopakwa vanishi, mwembamba kama unywele. Nimetazama kwa muda mrefu. Ndani ya vitu hivi, ambavyo mtu angeweza kuvifagia, kuna uwezo wa kuhisi bila kugusa. Niliona haya kidogo, kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Karatasi ya maelekezo nimeiweka chini ya kikombe. Ni ya wanaoanza.

Nikalehemu. Moshi wa risasi ukapanda, mke wangu akapita akauliza kama nachoma nyumba au naijenga. Nikamwambia asubiri. Nikaweka betri. Hakuna kitu. Nikageuza betri. Hakuna kitu. Nikakiinua kikombe, nikaitazama ile karatasi kwa jicho moja, nikaona transista zangu zote mbili zimekaa kinyumenyume. Kosa la kawaida kwa fundi mwenye kasi.

Nilipozigeuza kikalia.

Ee! Sijui niielezeje. Sauti nyembamba, ya kukera kidogo, kama mdudu aliyeamshwa. Ipo skrubu ndogo ya kurekebishia. Unaizungusha polepole mpaka sauti inakaribia kufa, kisha inakufa, na pale pale ukingoni unaiacha. Sasa kifaa kimesimama kwenye mdomo wa ukimya. Pumzi tu inatosha kukisukuma. Nikasogeza ufunguo. Kikalia. Nikauondoa. Kikanyamaza. Nikauficha ufunguo ndani ya kamusi yangu kubwa na kupitisha koili juu ya jalada. Kikalia! Maneno yote yale, toka mwanzo hadi mwisho, na ule mvumo umepita katikati yake bila kusoma hata moja, ukaenda kugusa ufunguo. Niliketi.

Hapo ningeishia ingekuwa heri. Lakini koili ya kwenye boksi ilikuwa ndogo kama kisosi, nami nikajiambia: koili kubwa, nguvu kubwa. Nikazungushia waya kwenye mfuniko wa sufuria, kwa kuwa ndio uliokuwa na duara zuri. Kikalia. Nikazungusha skrubu huku, kikalia. Nikaizungusha kule, kikalia. Nikatoka nacho uani, kikalia.

Shemeji alikuwa mlangoni anakula ndizi. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akanipongeza. Akasema, Mwalimu, hongera, kimegundua mfuniko.

Nimehamia kwenye ndoo ya plastiki, ile kubwa ya kufulia. Sasa koili ina upana wa kukumbatia mtu. Imesikia miguu ya cherehani, pipa la maji, na baiskeli ya jirani kupitia ukutani. Kupitia ukutani! Jirani hajui kwamba baiskeli yake imesalimiwa.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya shemeji. Mke wangu amempa zamu ya kwanza kwa sababu, nanukuu, sumaku haihitaji hotuba.

Akaipitisha sumaku juu ya vigodoro kwa mbwembwe, mkono mmoja kiunoni. Ikakusanya pini. Pini za mezani, pini za sakafuni, pini za mwaka juzi zilizokuwa ndani ya nyufa za mbao. Mpaka ikawa kama nungunungu. Ncha ya sindano? Wapi! Hiyo imeshonewa ndani ya pamba, imebanwa na nyuzi, hata ingependa kumfuata mchumba wake haiwezi kutoka.

Kisha ikaja zawadi yake ya pili. Aliilaza sumaku juu ya mikasi alipokwenda kunywa maji. Mikasi yote sasa ni sumaku. Ukikata kitambaa, mkasi unainuka na ndevu za pini. Mke wangu akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya chini kabisa, amchukue mpenzi wake wa chuma na aondoke naye kabla yeye hajasahau kwamba wamenyonya titi moja. Aliondoka. Nilimsindikiza mpaka nje kwa upole mwingi. Nilimpa pole. Sijawahi kutoa pole tamu kama ile.

Kesho ni zamu yangu, mbele ya wote.

Hofu ikaniingia wakati wa chakula cha mchana. Je, nikipima na kisilie? Watu hawa si wanafunzi, hawalazimiki kuniamini. Wanahitaji kwanza kuona kifaa kikikamata kitu, ndipo wawe na subira ya kungoja sindano. Katika ualimu tunaliita onyesho. Hakuna mwalimu anayeingia darasani na kungoja umeme utokee wenyewe.

Kwa hiyo nimeandaa onyesho.

Nilikata kifungo kimoja cha shaba nyeupe kwenye mkono wa koti langu. Kwa nini shaba? Hapa ndipo elimu inapojitofautisha na spika za ukumbini. Sumaku haivuti shaba! Shemeji angeweza kupita juu ya kifungo hicho mpaka azeeke. Lakini koili inaihisi, kwa kuwa koili haijali metali gani, inajali tu kama umeme unaweza kuzunguka ndani yake. Yaani kwa kifungo kimoja nitaonyesha uwezo wangu na pia upungufu wa mwenzangu. Nilikiona kitendo hicho kuwa cha haki.

Mafundi walikuwa uani wanakula. Nikachagua kigodoro ambacho pindo lake lilikuwa na mwanya, nikasukuma kifungo ndani ya pamba, nikavuta uzi, nikafunga fundo. Juu yake nikachora msalaba mdogo kwa chaki ya kushonea ili nikitambue. Nikarudi mezani nikiimba.

Kimya ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Alinitazama. Nikamwuliza chakula kilikuwaje. Akatikisa kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Sina la kusema.

Nitasema.

Walikaa wote. Shemeji alirudi bila sumaku, akasema amekuja kama mtazamaji tu, akajikalia juu ya mfuko wa pamba kama aliyelipa kiingilio. Nikaeleza historia ya umeme kwa kifupi. Mke wangu akaomba niieleze kwa kifupi zaidi. Nikainua ndoo yangu.

Nikatazama rundo nikitafuta msalaba.

Hakuna msalaba.

Nikapekua juu, nikapekua chini, nikijifanya napima uzito. Hakuna. Nikamuuliza mke wangu kwa utulivu kama kuna mtu aliyegusa vigodoro. Akasema, ndiyo, jana jioni Kimya amevipiga brashi vyote, maana kazi iliyokwisha haikai na chaki. Kila fundi anajua hilo. Kila fundi! Nimeishi na cherehani mlangoni kwangu miaka yote hii, sikulijua.

Nikasema moyoni: si kitu, kifaa kitakiona. Nikapitisha ndoo juu ya kigodoro cha kwanza. Kimya kimetanda. Cha pili. Cha tatu. Nikaendelea mpaka nusu ya rundo. Kikalia mara moja! Watu wakainuka. Nilikuwa nimekaribia mguu wa chuma wa meza. Kikalia tena. Ilikuwa bizimu ya mshipi wangu. Shemeji akaomba kuuliza swali. Akauliza kama kigunduzi changu kinaweza kutafuta kitu kingine mbali na Mwalimu.

Nilipima vyote. Vyote! Hakikuona sindano. Hakikuona hata kifungo.

Sasa naelewa kwa nini, na nitaeleza, kwa kuwa jambo likieleweka uchungu hupungua. Koili kubwa husikia vitu vikubwa kwa mbali. Vitu vidogo haviiumizi. Ndovu hahisi kupungukiwa akinywewa na mbu. Baiskeli ya jirani, sawa. Kifungo, hapana.

Uchungu haukupungua.

Maana fikiria. Juzi vigodoro vile vilikuwa na hatari moja ndani. Leo vina mbili, na ya pili nimeiweka mimi, kwa mikono hii, na kuishona. Kifungo kinachoweza kutoka kwenye mshono na kuingia kinywani mwa mtoto wa siku mbili. Nilikuwa nafikiria jambo hilo huku mke wangu anapanga wembe wa kufumulia juu ya meza, mmoja kwa kila fundi, tayari kwa kesho adhuhuri. Aliupanga kwa usawa. Kisha akaviinua vigodoro kimoja kimoja, akavibonyeza kwa kiganja chote, polepole, sentimita kwa sentimita, akiiruhusu ncha imchome ilimradi tu aipate. Alifanya hivyo kwa rundo zima. Viganja vyake vinajua nyuzi zote za chumba kile. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Hakuipata. Akaanza upya.

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Akageuka akaniuliza kama nimemaliza na ndoo yake, kuna nguo za kufua.

Nikampa ndoo.

Sasa kifaa hakina koili, na vyombo vyote vya duara vya nyumba hii vina kazi. Beseni lina maharage. Mtungi umo jikoni. Nimeokota kitu pekee ambacho hakuna anayekitaka: kibomba kitupu cha uzi, kile cha plastiki ambacho uzi wa cherehani huja umezungushiwa. Kina unene wa kidole gumba. Nimezungushia waya, tabaka juu ya tabaka, mpaka waya ulipokwisha. Bila matumaini. Kama mtu anayesokota ndevu.

Nimekilehemu. Nimeweka betri, nimerekebisha skrubu, kimenyamaza. Nikakiweka mezani nikaenda kunawa. Mke wangu akapita akaninyooshea taulo, mkono wake ukapita juu ya kile kibomba.

Kikalia.

Tukatazamana. Akarudisha mkono. Kikalia tena. Hakuvaa bangili wala pete. Tukaikunjua mikono ya gauni lake. Ndani ya pindo kulikuwa na pini moja ya kushonea, nyembamba, imesahaulika huko sijui tangu lini.

Mvumo ambao haukuweza kuona kifungo ulipokuwa mpana kama ndoo, sasa umebanwa ndani ya kidole gumba na umeusikia unywele wa chuma. Udogo ndio uliokuwa nguvu! Mke wangu aliishika ile pini kwa muda mrefu, akaitazama, akakitazama kifaa, na katika ndoa yetu yote sijaona akitazama kitu changu namna ile.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeanza kupima asubuhi, mara tu jua lilipofika mezani.

Kibomba hakisikii mbali, hivyo lazima kiguse kitambaa na kitambae kama konokono. Mstari mmoja kushoto kwenda kulia, mstari mwingine chini yake. Mashine zimezimwa. Mke wangu akaamuru watu wavue mikanda, saa, hereni na bangili, na wembe wote uende chumba cha nyuma. Mafundi wakainama kuizunguka meza, vichwa karibu na vichwa, na shemeji naye akainama, akasahau kutania.

Sikujua kwamba chumba cha cherehani kinaweza kuwa kimya hivyo. Unasikia pamba ikipumua.

Kigodoro baada ya kigodoro. Hakuna kitu. Kisha, karibu na pembe ya kimoja, kikalia. Kwa nguvu! Mafundi wakapiga kelele. Kimya akashika mdomo. Mke wangu akakata nyuzi mbili, akaingiza vidole kwenye pamba, akatoa kifungo cha shaba nyeupe.

Akakiinua kwenye mwanga. Akakigeuza.

Nikasema kwamba ni jambo la kushangaza jinsi viwanda vya pamba siku hizi visivyo makini.

Shemeji akaniomba ninyooshe mkono. Nikauliza kwa nini. Akasema, nyoosha tu, Mwalimu, usiogope, haina mtihani. Nikanyoosha. Mkono wa koti langu wa kulia una vifungo vitatu. Wa kushoto una viwili na kiuzi.

Mke wangu akikasirika hushusha sauti, hilo nimeshaliandika. Leo ilishuka mpaka nikalazimika kuinama ili nimsikie. Aliuliza nimeviweka vingapi. Nikasema kimoja. Akauliza, kwa nini. Nikaanza kueleza kuhusu onyesho katika ualimu. Nikaona uso wake, nikaacha. Nikasema nilitaka kionekane kinafanya kazi. Na nilitaka kifungo ambacho sumaku haiwezi kukivuta.

Shemeji akasema, "Yaani mimi ndiye niliyekusukuma, siyo?" na akacheka peke yake, kisha akaona hakuna anayecheka, akanyamaza.

Mke wangu alikiweka kifungo mfukoni mwake. Akasema, Mwalimu, endelea. Na ukifika cha mwisho uanze tena cha kwanza, maana siku hizi katika nyumba hii vifungo vinaingia vyenyewe kwenye pamba.

Nikaendelea. Jua likasogea kutoka ukingo wa meza hadi katikati. Rundo la vilivyopimwa likawa refu kuliko la visivyopimwa. Saa ya ukutani, hiyo haikuvuliwa, ikawa inaelekea adhuhuri. Nikaona fundi mmoja akitazama mlango wa chumba cha nyuma, kule kwenye wembe.

Kisha kifaa kikafanya jambo ambalo hakijawahi kufanya. Hakikulia. Kilikwaruza, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema. Nikarudi nyuma. Kikanyamaza. Nikasogea mbele kwa unene wa uzi. Kikakwaruza. Nikashusha pumzi yote, nikagusa skrubu kwa ukucha, nikabonyeza kibomba kwenye mshono.

Iiii. Sauti nyembamba kuliko zote, lakini haikukatika.

Mke wangu akafumua mshono mmoja. Mwingine. Akapanua pamba kwa vidole viwili kama mtu anayefungua jicho la mtoto. Hapo, imelala kando ya uzi, inang'aa: ncha. Haikuwa kubwa kuliko kipande cha ukucha wa kidole kidogo kilichokatwa.

Aliibeba kwa kibanio mpaka mezani, pale nusu ya sindano ilipokuwa inangoja tangu Jumatatu. Akaisogeza. Uvunjiko wa moja una kijongo kidogo, uvunjiko wa nyingine una kishimo. Vikakutana. Hukuweza tena kuona palipovunjika.

Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria mgongo mdogo wa mtoto ambaye hatamjua kamwe.

Halafu Kimya akasema. Kwa mdomo wake! Aliniuliza, Mwalimu, kwa hiyo muda wote huu ilikuwa humo ndani inasikika, sisi tu ndio hatukuwa na sikio? Nikamwambia ndiyo, binti, ndivyo hasa. Akaniomba nimweleze tangu mwanzo. Nikamweleza tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho na akauliza swali juu ya transista, swali zuri, ambalo itabidi niende kusoma.

Kisha nikaanza tena kigodoro cha kwanza, kama nilivyoamriwa.

Jumamosi, 9 Machi

Tumevipeleka. Shemeji aliazima mkokoteni, mimi nikashika kamba, mke wangu akatembea pembeni mkono mmoja juu ya vigodoro njia nzima.

Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi ni mwanamke mnene mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alibonyeza kila kigodoro kwa ngumi. Mke wangu akamwambia ukweli wote kuhusu ncha ya sindano. Kuhusu kifungo pia. Aliusema mbele yangu, kwa utaratibu, kama anayesoma vipimo. Muuguzi akanigeukia. Nikatazama dari. Ni dari nzuri, imepakwa chokaa vizuri.

Akasema nikipitishe kifaa mbele yake, kila kigodoro, kabla mtoto hajalazwa. Ni haki yake. Nikapima.

Katika kitanda cha mwisho kulikuwa na mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo. Mama yake alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja ndani ya kitanda kidogo. Nikakipima kigodoro chao polepole kuliko vyote. Kibomba kikatambaa, mstari baada ya mstari. Hakikusema kitu. Wakamlaza. Akanyoosha miguu, akafumba ngumi, akatulia juu ya pamba ile, na kifaa mkononi mwangu kiliendelea kunyamaza. Katika maisha yangu nimesikiliza mitambo mingi ikilia ili nijue inafanya kazi. Sikujua kwamba siku moja nitasimama na kusikiliza mtambo usiolia, na machozi yanitoke.

Kisha muuguzi akainama kumfunika mtoto, na kikapiga kelele kubwa. Saa yake ya kifuani. Mtoto akaamka, wodi nzima ikaamka. Tulitolewa nje kwa heshima.

Mlangoni muuguzi alinifuata. Akaniambia kuna stoo ya mito ya zamani, haijulikani ilipita mikononi mwa nani. Je, ningeweza kuja Alhamisi na kifaa changu? Daktari mkuu naye angependa kuona. Na wauguzi wote.

Wote!

Mke wangu alinikata jicho. Nikasema nitafikiria.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya mapumziko. Nimekaa uani na chai, nimetafakari kwa kina nimejifunza nini wiki hii. Mzee asiyejikosoa ni sawa na saa isiyotiwa ufunguo.

Nimepata mambo mawili.

La kwanza, chaki inafutika.

La pili, kifungo cha koti humrudia mwenye koti.

Maana hebu tuwe wakweli. Alhamisi watakuwepo wauguzi, daktari, labda na watu wa ofisini. Mito ya zamani, safi, isiyo na kitu ndani. Nitapita na kibomba changu kutoka mto wa kwanza hadi wa mwisho, na kitanyamaza, na wao watafikiri kimekufa. Nani atapata mshangao ule nilioupata mimi? Watu wanyimwe ajabu kama ile kwa sababu tu mito yao haina dosari? Hiyo si elimu, ni uchoyo.

Nimetembelea kibanda cha shemeji baada ya chai, nikamjulia hali. Alipoinama kutafuta bisibisi, nikaazima nati moja ndogo ya shaba kwenye spika anayoitengeneza. Ni nati ambayo mtu yeyote akiiona atajua imetoka kwa fundi spika, na koti langu halihusiki kabisa. Itakaa kwenye mto kwa dakika chache tu, mbele ya mashahidi, kisha itatoka. Nitatia alama mahali pake.

Na kwa yeyote atakayekuja kuzisoma kurasa hizi na kuunda kigunduzi chake, usiniige katika mengi, niige katika hili moja. Leo hii, kabla duka halijafungwa, nenda ukanunue kalamu ya wino usiofutika.